Waelfi waligawanywa na njia, si na damu

Septemba 2022, Amazon ilipoanza kuonyesha tamthilia ya The Rings of Power, jambo lililozua kelele nyingi kuliko yote halikuwa uzuri wa picha wala udhaifu wa simulizi. Lilikuwa ngozi ya mtu mmoja. Ismael Cruz Córdova, mwigizaji mweusi kutoka Puerto Rico, alikuwa amepewa nafasi ya Arondir, Mwelfi wa misituni, na watazamaji wengi wakapinga kwa hoja yenye sura ya kitaalamu: kwamba Waelfi wana asili zao na mbari zao, kwamba mwandishi alizipanga mbari hizo tangu mwanzo, na kwamba kumweka mtu mweusi kati yao ni kuvuruga maandishi. Wapo waliowajibu kwamba Waelfi hawapo duniani, basi kila mtu na awachore apendavyo. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu linakubali kimyakimya kwamba maandishi yenyewe yako upande wa wapinzani. Hayako. Anayeyasoma kwa makini ataona kwamba kilichowagawa Waelfi ni safari: nani alikwenda, nani aliishia njiani, nani alikataa kuondoka, na lugha ya kila kundi ikawa nini baada ya kuachana. Damu ina nafasi ndogo mno katika habari hiyo, na rangi ya ngozi haina nafasi kabisa katika kuwagawa. Waliokuja kuwagawa Waelfi kwa rangi walikuja baadaye, na walipofanya hivyo waliharibu kitu kizuri.

Waelfi ni viumbe wa masimulizi ya kale ya Ulaya ya kaskazini. Wana umbo la binadamu, hawazeeki, na wana ujuzi wa sanaa unaowashangaza wanadamu. Wanaojulikana zaidi leo ni wale wa J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akalelewa Uingereza, na akafundisha Oxford kuanzia 1925 hadi alipostaafu 1959. Dunia inamjua kwa The Hobbit ya mwaka 1937 na The Lord of the Rings iliyotoka kati ya 1954 na 1955, lakini kazi yake ya mshahara ilikuwa isimu ya lugha za kale. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliajiriwa kuandaa sehemu ya herufi W katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford. Aliwahi kueleza kwamba kwake lugha zilitangulia na hadithi zikafuata. Alizitunga hadithi ili lugha alizobuni zipate watu wa kuzisema na nchi ya kusemewa. Lugha hizo hasa ni mbili. Moja, Kikwenya, inavuta sauti zake kutoka Kifini. Nyingine, Kisindarin, inafuata Kiwelshi. Tolkien alizifanya ziwe ndugu, zenye mama mmoja, na hapo akajitwisha swali ambalo kila mwanaisimu analijua: ndugu hawa wawili walitenganishwa na nini? Ndege aina ya bata maji anaitwa alqua katika lugha ya kwanza na alph katika ya pili. Mti ni alda huku na galadh kule. Tofauti za namna hii hazitokei kwa bahati. Anayesema macho Unguja na anayesema mato Mombasa wanatumia neno moja lililopita njia mbili. Tolkien alihitaji hizo njia mbili, na historia nzima ya Waelfi ni jibu lake.

Simulizi iliyomo katika The Silmarillion, kitabu ambacho mwanawe Christopher alikichapisha mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha baba yake, ni hii. Waelfi wa kwanza waliamka kando ya maji ya Cuiviénen, mashariki ya mbali, kabla jua na mwezi havijaumbwa, mwanga pekee ukiwa wa nyota. Walijiita Quendi, wasemao kwa sauti, kwa kuwa hawakujua kiumbe mwingine mwenye kusema. Oromë, mmoja wa Valar, wakuu wa kiroho wanaoitunza dunia, aliwakuta huko akiwa juu ya farasi, na baadaye Valar wakaamua kuwaalika wahamie Aman, nchi iliyo magharibi ng'ambo ya bahari, iliyoangazwa na Miti Miwili. Mwaliko huo uliwatia wengi hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Kabla ya hapo kulikuwa na minong'ono ya mpanda farasi wa gizani aliyewakamata waliotangatanga, na waliopotea hawakurudi. Mabalozi watatu, Ingwë, Finwë na Elwë, walipelekwa kuiona Aman wakarudi kuwashawishi wenzao. Waliokubali wakafunga safari. Waliokataa, wakichagua mwanga wa nyota na upana wa nchi waliyoijua, wakaitwa Avari, maana yake Wakataaji. Kati ya waliosafiri, kundi moja lilifika kwenye Mto Mkuu, likaiona Milima ya Ukungu mbele yake, likageuka kando na kushuka na mto. Hao ni Nandor. Waliovuka milima wakafika Beleriand, karibu na bahari, na hapo Elwë akapotea msituni. Alikuwa amekutana na Melian, mmoja wa roho wanaowatumikia Valar, na kusimama naye kwa miaka mingi kana kwamba wakati umekoma. Baadhi ya watu wake walimtafuta hadi nafasi ya kuvuka ikapita. Hao wakawa Sindar. Wengine wakamfuata Olwë, ndugu yake, wakavuka bahari. Ng'ambo walifika watu wa aina tatu: Vanyar, Noldor na Teleri.

Katika orodha hiyo hakuna aliyezaliwa Nandor, kwa maana ya kwamba damu yake ilimpeleka kugeuka pale mtoni. Alikuwa mmoja wa Teleri, watu wa Elwë na Olwë, hadi jioni ile aliposema hapa panatosha. Elwë na Olwë ni ndugu, na kila mmoja ni mkuu wa taifa lake, kwa sababu mmoja alipotea msituni na mwingine akachoka kungoja. Tolkien angeweza kabisa kuwapa watu wake asili mbalimbali, hawa wa baharini na hawa wa msituni, kila kundi limeumbwa kwa udongo wake kama zinavyofanya simulizi nyingi. Badala yake aliwapa chimbuko moja, kisha akaweka mto, mlima, kichaka na bahari, na kuacha watu waamue katika kila kituo. Kwa hesabu yangu hii ndiyo fikra yake kubwa kuhusu Waelfi, na ndiyo inayowafanya wawe na huzuni inayotugusa: kila kundi linajua lilikoachana na jingine, na linajua lingeweza kuamua vingine.

Hapa huingia neno la giza, lililopotosha wengi. Waelfi waliofika Aman na kuuona mwanga wa Miti waliitwa Calaquendi, Waelfi wa Nuru; ambao hawakufika waliitwa Moriquendi, Waelfi wa Giza. Anayesikia majina hayo bila simulizi yake atadhani yanaeleza maumbile. Mfano wa Elwë, ambaye huko Beleriand alikuja kuitwa Thingol, mfalme wa Sindar, unafuta dhana hiyo papo hapo. Watu wake wote wanahesabiwa Moriquendi, lakini yeye mwenyewe ni Calaquendi, kwa sababu alipokuwa balozi aliiona Miti kwa macho yake. Mfalme na raia wake ni wa ukoo mmoja, ngozi moja, nchi moja, na bado wako pande mbili za mstari huo. Mstari unahusu kitu alichokiona mtu. Na neno lenyewe halikuwa la kisayansi hata ndani ya hadithi. Noldor waliporudi Beleriand wakiwa wakimbizi walilitumia kama tusi, na Caranthir, mmoja wa wana wa Fëanor, mwanamfalme wa Noldor, alimrushia Thingol kwa hasira, ingawa Thingol ndiye aliyekuwa mwenyeji na Caranthir ndiye mgeni, na ingawa kwa kanuni ya Noldor wenyewe halikumhusu. Mwandishi anayetuonyesha jina likitumiwa vibaya na mtu mwenye kiburi hawezi kuwa anatuambia kwamba jina hilo ni ukweli wa maumbile.

Kwa nini basi alilichagua neno la giza? Karibu na mwaka 1220, Snorri Sturluson wa Iceland aliandika katika Edda kwamba wako Waelfi wa nuru na Waelfi wa giza. Wa kwanza ni wazuri kuliko jua, wa pili weusi kuliko lami. Mahali pengine Snorri anawataja Waelfi weusi kwa namna inayowachanganya na mbilikimo wa chini ya ardhi. Wasomi wa karne ya 19, Jacob Grimm akiwemo, walisumbuka kujua kama aina hizo ni mbili au tatu na kama weusi ule ni wa ngozi, wa makao, au wa tabia. Tom Shippey, aliyefundisha masomo yaleyale ya Tolkien na kuandika kitabu kikubwa juu yake mwaka 1982, alionyesha kwamba Tolkien alikuwa anajibu fumbo hilo. Nadhani hajakosea, na ninaona jibu lenyewe lina uzito kuliko linavyopewa. Mwanazuoni aliyekuta mbele yake maandishi ya kale yanayosema weusi kuliko lami alikuwa na njia rahisi ya kuyafuata. Hakuifuata. Aliigeuza tofauti ya rangi kuwa tofauti ya historia: giza likawa ni kutofika mahali fulani kabla mwanga wake haujazimwa. Na kwa kuwa Miti ilikuja kuuawa, hakuna tena Mwelfi yeyote awezaye kuhamia upande wa Nuru. Huko ni kukosa nafasi, jambo ambalo mtu yeyote aweza kulielewa na kulionea huruma.

Ushahidi wa nguvu zaidi, kwangu, umo katika rasimu alizoziacha, ambazo Christopher Tolkien alizichapisha katika mabuku 12 kati ya 1983 na 1996. Kwa miaka mingi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, ile lugha yenye sauti za Kiwelshi ilikuwa lugha ya Noldor na iliitwa Kinoldorin. Kisha, karibu na mwaka 1950, Tolkien akaona kwamba watu waliokaa pamoja na wasema Kikwenya huko Aman wasingeweza kuwa na lugha iliyotofautiana nacho kiasi hicho. Akainyang'anya lugha hiyo kutoka kwa Noldor akawapa Sindar, watu waliobaki ng'ambo ya huku. Msamiati na sarufi vilibaki karibu vilevile; kilichobadilika ni historia ya wasemaji. Sasa ikabidi aeleze kwa nini Noldor waliporudi walikuja kusema lugha ya wenyeji, na jibu likawa la kisiasa na la kutisha. Noldor, kabla ya kurudi, walikuwa wamewaua Teleri huko Alqualondë ili wawapore merikebu. Teleri wale walikuwa watu wa Olwë, ndugu wa Thingol. Thingol alipozisikia habari hizo alipiga marufuku Kikwenya kusemwa popote katika himaya yake. Hivyo lugha ya wauaji ikakoma kuwa ya kila siku na kubaki ya vitabu na shughuli za heshima. Sheria moja ya lugha inabeba jinai, msiba na hukumu kwa pamoja, na inaonyesha pia mahali Tolkien alipoanzia kila alipotaka kujua taifa fulani ni taifa gani: alianzia mdomoni.

Alikwenda mbali zaidi ya hapo. Katika insha ya miaka yake ya mwisho alieleza jinsi Noldor walivyoanza kuitamka th kama s, na jinsi badiliko hilo dogo lilivyopasua nyumba ya kifalme. Míriel, mke wa kwanza wa mfalme Finwë na mama yake Fëanor, aliitwa Therindë, na alitaka jina lake litamkwe hivyo. Akafariki. Finwë akaoa mke wa pili, Indis, naye akaifuata s ya watu wengi. Kwa Fëanor, kila aliyesema Serindë alikuwa anamtukana marehemu mama yake, na wafuasi wake wakaishika th kama alama ya upande wao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua jinsi thelathini inavyogeuka selasini, na jinsi sikio la msikilizaji linavyompangia msemaji mahali pake kabla sentensi haijaisha. Ndugu hao wa nyumba moja wana baba mmoja. Tofauti kati yao ni mama, kiburi, na konsonanti.

Wako watakaonijibu kwamba nimeruka mwanzo. Kabla ya safari, watasema, Waelfi walikuwa tayari na koo tatu pale Cuiviénen: Minyar, Tatyar na Nelyar, maana yake wa kwanza, wa pili na wa tatu, na koo hizo ndizo zilizokuja kuwa Vanyar, Noldor na Teleri. Ni kweli. Lakini tazameni koo hizo zilivyopatikana. Katika ngano ambayo Tolkien aliiandika kama hadithi ya watoto wa Kielfi ya kufundishia hesabu, wanaume watatu, Imin, Tata na Enel, waliamka kwanza na kuwaona wake zao wamelala kando yao. Wakatembea wote sita, wakawakuta wenzao wakiwa bado wamelala majanini, makundi kwa makundi. Imin, kwa kuwa aliamka wa kwanza, alichukua kundi la kwanza, watu 12, wawe wake. Tata akachukua 18, Enel 24. Imin sasa akataka kungoja kundi kubwa zaidi. Wakapatikana 36, akawaachia Tata. Wakapatikana 48, akawaachia Enel. Akaendelea kungoja, na hawakupatikana wengine. Ndiyo maana Minyar walikuwa 14, Tatyar 56 na Nelyar 74, jumla 144. Watu hawa hawakuwa na baba wala mama. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika ukoo wake. Alikutwa usingizini na mtu aliyesema huyu ni wangu. Hata pale mwanzo kabisa, ambapo tungetarajia kuikuta damu, tunakuta uamuzi, na uamuzi wenye tamaa kidogo ndani yake. Na koo hizo hazikushikamana safari ilipokuja. Kwa uwiano wa hesabu hiyo ya 144, Tatyar walipasuka nusu kwa nusu, 28 wakaenda na 28 wakabaki. Kati ya Nelyar walibaki 28 na kuondoka 46.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na sitalikwepa. Maandishi haya yana ngazi. Vanyar, wenye nywele za dhahabu, wako juu. Mfalme wao Ingwë ndiye mkuu wa Waelfi wote. Waliofika Aman wanasifiwa kwa kimo, hekima na nguvu. Avari hawana hata sura yao wenyewe. Kiambatisho cha The Lord of the Rings kinawaeleza Eldar, yaani Waelfi waliofunga safari, kuwa warefu, weupe wa ngozi, wenye macho ya kijivu. Aliyeandika hayo alikuwa Mwingereza wa kizazi chake, naye aliwaona watu wazuri kwa macho ya kwao. Katika habari za wanadamu wa Númenor, tofauti na za Waelfi, kuna mazungumzo ya damu kupungua nguvu ambayo hayapendezi kusoma leo. Ninayakubali yote hayo. Ninachokataa ni kwamba hayo ndiyo yanayoamua nani ni wa taifa gani. Galadriel, Mwelfi wa kike mashuhuri kuliko wote, babu yake ni Finwë wa Noldor, bibi yake ni Indis wa Vanyar, na mama yake ni binti wa Olwë wa Teleri. Anahesabiwa Noldor kwa kuwa alikwenda uhamishoni nao. Legolas ni mjukuu wa Oropher, mmoja wa Sindar aliyekwenda mashariki na wenzake wachache akaishi na Waelfi wa misituni, na wageni hao wakachukua lugha ya wenyeji na majina yao. Kwa nasaba ya baba Legolas ni wa Sindar, lakini ndani ya The Lord of the Rings anajisemea kuwa wa watu wa msituni. Na kwa Elrond na Elros mambo yanafika mwisho wake: ni mapacha, wenye damu ileile kwa asilimia ileile ya Mwelfi na binadamu, wakaulizwa wachague. Elrond akawa Mwelfi, akaishi enzi na enzi. Elros akawa mwanadamu, akawa mfalme wa kwanza wa Númenor, akafa. Kama damu ingekuwa ndiyo hakimu, mapacha hawa wasingekuwa na la kuchagua.

Ngazi yenyewe, tena, ina mwenyewe. Tolkien hakudai kuandika akiwa juu ya kila kitu. Alizipa habari zake waandishi wa ndani ya hadithi, na mkubwa wao katika mambo ya lugha na mataifa ni Pengolodh, msomi wa mji wa Gondolin, mji ulioasisiwa na Noldor. Majina tunayoyatumia ni ya walioondoka, yakiwaeleza waliobaki. Teleri, kwa mfano, maana yake ni wa mwisho, na walioliasisi jina hilo ni wale waliotangulia mbele. Wao wenyewe walijiita Lindar, waimbaji. Nje ya hadithi Tolkien alisema wazi alikosimama. Mwaka 1938 mchapishaji wa Ujerumani, aliyetaka kuitafsiri The Hobbit, alimuuliza kama ana asili ya Kiarya. Katika rasimu ya jibu lake alimkumbusha kwamba neno hilo linahusu familia ya lugha za Kihindi na Kiajemi, na kwamba wahenga wake hawakuzisema. Tarehe 21 Oktoba 1955, siku moja baada ya buku la tatu la The Lord of the Rings kutoka, alitoa mhadhara Oxford kuhusu Kiingereza na Kiwelshi, na ndani yake akashikilia kwamba kinachotofautisha watu ni lugha na kwamba lugha na mbari ni vitu viwili. Ni msimamo wa kitaalamu wa mtu aliyeujenga ulimwengu wake juu yake.

Upotoshaji ulikuja na michezo. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza uliotoka Marekani mwaka 1974, ulichukua Waelfi wakati vitabu vya Tolkien vikiwa mikononi mwa kila kijana wa vyuo vya nchi ile. Mwaka 1977 ukataja, na mwaka 1978 ukawaingiza rasmi katika michezo, Waelfi walioitwa drow: wanaishi chini ya ardhi, ngozi yao nyeusi, nywele zao nyeupe, na ni waovu kama taifa zima, wakiabudu mungu wa kike wa buibui. Lami ya Snorri ilirudi, safari hii na uovu umewekwa katika kanuni za mchezo. Linganisheni na Moriquendi. Hao walikuwa giza kwa sababu ya mwanga ambao hawakuuona, nao walikuwa na wafalme wema, waimbaji, mafundi wa merikebu, na wapumbavu wao pia. Drow ni waovu kwanza, kisha historia inatafutwa ya kueleza weusi wao. Watetezi hutaja Drizzt, drow mwema aliyebuniwa na R.A. Salvatore mwaka 1988 na kupendwa na wasomaji wengi, na wema wake ni wa kweli ndani ya vitabu vile. Lakini mtu mmoja anayesifiwa kwa kutofanana na watu wake anaiacha hukumu juu ya watu wake mahali ilipo. Wenye mchezo wenyewe waliliona jambo hili: mwaka 2020 walitangaza kwamba drow na mataifa mengine wataelezwa kuwa na utu na tabia mbalimbali kama watu wengine, na mwishoni mwa 2022 wakasema wataacha kutumia neno mbari kwa aina za viumbe wa mchezo huo. Ni hatua njema, ingawa ningefurahi zaidi kama wangewapa drow barabara, mto, na mlima wa kushindwa kuuvuka.

Kuna atakayesema huu ni mchezo tu, na gazeti lina mambo mazito ya kuandika. Mwaka 1930, Tolkien akiwa profesa Oxford, C.G. Seligman alichapisha mjini London kitabu Races of Africa, kilichodai kwamba ustaarabu wa Afrika uliletwa na Wahamiti waliotoka nje, wafugaji bora kuliko wakulima weusi waliowakuta. Hiyo nayo ilikuwa hadithi ya asili na migawanyiko ya watu, iliyopangwa kwa damu na ngazi. Nchini Rwanda utawala wa Kibelgiji uliigeuza fikra ya namna hiyo kuwa neno moja kwenye kitambulisho cha kila mtu, na watu walikuja kuuawa kwa neno hilo. Vijana wetu wanaocheza michezo hii na kutazama tamthilia hizi wanajifunza humo, bila mtu kuwaambia kwamba ni somo, jinsi watu wanavyopata kuwa wa aina mbalimbali. Kati ya simulizi inayosema walizaliwa hivyo na ile inayosema waliachana hapa, kwa sababu hii, na lugha zao bado zinakumbuka, ninajua ni ipi ningependa waizoee.

Ndiyo maana ninarudi kwa Avari, waliosahauliwa kuliko wote. Katika insha ndefu aliyoiandika kati ya 1959 na 1960 kuhusu majina ya Waelfi, Tolkien aliwatengea nafasi ndogo, karibu kama nyongeza. Jina Avari, Wakataaji, hawakujiita wao. Anaorodhesha majina sita ambayo makundi yao mbalimbali yalijiita katika lugha zao zilizokwisha kutengana: Kindi, Cuind, Hwenti, Windan, Kinn-lai, Penni. Mwenye sikio la lugha atasikia kilichotokea, kama anavyosikia mtu aliyezoea watu, abantu, bato, anthu na vanhu. Wilhelm Bleek, alipotafuta jina la lugha zetu katika sarufi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862, alichukua neno hilohilo. Majina yote sita yametoka katika mzizi mmoja, ule uliozaa Quendi. Walioondoka walipata majina mapya ya fahari, Watu wa Nyota, Wenye Hekima, Wazuri, na jina la zamani wakawaachia wasomi wao. Waliobaki msituni, wasio na kitabu wala mfalme anayejulikana, kila kundi peke yake na bila habari za jingine, waliendelea kujiita kama walivyojiita wote siku ya kwanza kando ya maji: wasemao.